Siku mbili za Osaka

Kilindoni, Mafia

Mpenzi Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, watoto wazima, na mguu wa Bibi umepoa. Huku hatujambo, ila mvua za vuli zinasuasua. Nimekaa kimya tangu Idi, nawe hukunipigia, basi tusameheane. Nina jambo.

Viza ya Japani imetoka! Tangu juzi naifungua pasi, naifunga, naifungua tena. Kozi ya Yokohama ni wiki tatu, inaisha Ijumaa adhuhuri. Ndege ya kurudi ni Jumatatu asubuhi kutoka Kansai, kile kiwanja ulichosema wamekijenga kwenye kisiwa walichokifukia wenyewe baharini. Kwa hiyo Osaka nina Jumamosi na Jumapili tu, na kila mtu keshanigawia.

Mama anataka nifike Kobe. Wewe ndiye uliyemwambia habari za ule msikiti wa 1935, wa kwanza Japani, uliosalimika mabomu ya vita na tetemeko la 1995. Tangu siku hiyo anawasimulia majirani utadhani aliswali pale. Huko nitakwenda, kwa treni si mbali. Kazini wao wananitajia ngome ya Osaka. Nimesoma kwamba Hideyoshi, mtawala wao wa zamani, alianza kuijenga 1583, lakini mnara uliopo leo ni wa zege, wa 1931, na ndani una lifti. Nitautazama kutoka bustanini, nione majani ya Novemba yalivyogeuka mekundu, inatosha.

Kinachoninyima usingizi ni Baba.

Unaikumbuka picha uliyotutumia ulipokuwa chuo, umesimama mbele ya kioo cha lile tangi la samaki la Osaka na papa potwe anapita nyuma yako? Baba anayo mpaka leo, ameiweka kwenye kasha pamoja na nyuzi za kushonea nyavu. Siku hizi baharini haendi, magoti yamekataa. Nilipotaja Osaka, hakuuliza baridi wala nauli. Aliuliza maji ya mle ndani yana kina gani. Nikatafuta, nikamwambia mita 9. Akahesabu kwa vidole. "Pima tano," akasema. "Potwe, pima tano?" Nikaongeza kwamba tangi linabeba tani 5,400 za maji, nikidhani atatulia. Akanijibu kwamba tani ni za mizigo, bahari haipimwi kwa tani.

Usiku akanigongea mlango. Wanamlisha nini? Nikamwambia uduvi, wanaumwaga juu ya maji naye anakuja kupanua kinywa. Hapo uso ukamfunguka. "Basi hajasahau."

Sasa amenituma. Hataki zawadi, anataka nikamtazame potwe anavyogeuka: anageukia upande mmoja tu, au pande zote mbili?

Mwanaidi, mwenyewe moyo unanisita. Nilikuwa na miaka tisa Baba aliponishika kiuno nikainamia ubavuni mwa mashua, na potwe akapita chini yetu. Nilidhani mwamba wenye madoa unatembea. Alipita, akapita, hakuisha. Sasa nikamwone nyuma ya kioo, na Novemba hiyo hiyo wenzake wako hapa mbele ya gati letu? Halafu nawaza watoto wa Osaka wasio na mashua wala Baba wa kuwashika kiuno. Pengine kwao kile kioo ndiyo mashua. Sijui. Nageuza kichwani kila siku, na kila siku narudi palepale: nikirudi bila jibu, nitamtazamaje mzee?

Jumapili yote nimeiacha kwa hilo, na ikibaki saa moja, niende hekalu la Sumiyoshi. Nasikia ndiko wavuvi na mabaharia wa kule walikokuwa wakiombea safari tangu kale. Nataka tu kuona watu wa pwani wa huko waliipa bahari heshima gani. Usiku mtaa wa Dotonbori, kwa vile vitumbua vyako vya pweza. Umevisifu miaka minne, lazima nivionje, nikupe hukumu ya mtu wa Mafia.

Kwenye treni ya kutoka Yokohama kwenda Osaka nimekata kiti cha herufi E, mkono wa kulia, ulivyonifundisha, mlima Fuji usinipite.

Sasa nisaidie. Hosteli nitafute mtaa wa Namba au wa Umeda, kwa mwanamke aliye peke yake? Pale kwenye ngazi za umeme ulisema Osaka wanasimama kulia, Tokyo kushoto, au nimegeuza? Ile sentensi ya kuulizia kama chakula kina nguruwe, niandikie kwa herufi zao, niwe naionyesha tu. Kadi yako ya nauli ya treni, ile ICOCA, bado ina pesa? Kama unayo, mpe Salma akija Dar, nitaichukua kwake kabla ya tarehe 20. Foleni ya kuingia kwa potwe Jumapili ikoje, niwahi asubuhi au ningoje jioni? Na kwenye lile tangi ulikaa muda gani? Wanasema mtu anapandishwa ghorofa ya nane, kisha anateremka akilizunguka. Ulipolizunguka, ulimwona akigeuka? Aligeukia wapi?

Nijibu upesi. Baba ananiuliza kila jioni kama barua yako imefika.

Wako,
Zuhura