Risala ya Kikundi cha Ukarabati wa Boti kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi mlioambatana naye, wazazi na walezi, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo, ambayo kwa neema yake haijanyesha mvua hadi dakika hii. Tunakushukuru na wewe binafsi kwa kuupokea mwaliko wetu licha ya majukumu mazito uliyonayo, na zaidi kwa kufika, kwa kuwa tumewahi kukubaliwa mwaliko na viti vya mbele vikabaki vitupu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilizaliwa siku wachache wetu walipoikuta boti ya faiba yenye urefu wa mita 7 imetelekezwa juu ya magogo, maji ya mvua yamefika kwenye viti na majani yameota tezini, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Mwenyewe alitukabidhi kwa maandishi, nasi tukaazimia kuifufua ili vijana wetu wajifunzie unahodha na uokoaji. Historia iliyobaki ni ya vikao, na kwa kulinda muda wako tunaomba tuivuke.

Tangu wakati huo kikundi kimepata mafanikio makubwa. Tumeikwangua boti nzima kwa mkono, tangu omo, yaani mbele, hadi tezi, kazi ambayo kwa tathmini ya kamati ni ya kihistoria. Rangi ya zamani ya chini ya maji hatukuikwangua kavu, kwa sababu boti ni ya zaidi ya miaka 30 na rangi nyingi za kuzuia chaza za enzi hizo zilikuwa na sumu ya bati, ambayo mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Septemba 2008 uliipiga marufuku kwenye meli. Tuliilowesha, tukakusanya mabaki yote na kuyafunga kwenye madebe. Tumeliziba tundu la ubavuni kwa kuchonga kingo zake kwa mteremko mrefu, milimita 72 kwa ganda lenye unene wa milimita 6, kisha tukatandaza matabaka ya nyuzi za kioo yaliyoloweshwa epoksi, yaani gundi ya majimaji inayokomaa ikawa ngumu, hata leo ukiligonga kwa mpini wa nyundo linalia kwa sauti ileile ya ganda zima. Ubao wa tezi unaobeba injini, ambao ndani yake plaiwudi ilikuwa imeoza na kugeuka kama udongo, tumeutoa na kuuweka mpya. Aidha, tunamiliki mashine mbili za kupigia msasa, moja ikiwa inafanya kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya mafanikio hayo tungependa kukueleza jambo moja tu linalotukwamisha, nalo ni kukosa banda.

Watu wengi huamini kwamba faiba hainyonyi maji, na imani hiyo ndiyo iliyowafanya waliotutangulia waone banda ni anasa. Ukweli ni kwamba ganda la boti ya aina hii ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa na rezini, na kwa miaka mingi maji hupenya taratibu hadi ndani, yakakutana na kemikali ambazo hazikukomaa wakati wa kuunda, yakatengeneza majimaji makali yanayosukuma ngozi ya nje hadi ikatoka malengelenge. Sisi tuliyatoboa malengelenge hayo moja baada ya jingine, na yaliyotoka yalinuka kama siki. Dawa yake inajulikana: kufungua kila lengelenge, kuosha kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi, kisha kuliacha ganda likauke kwa wiki nyingi, pengine miezi, kabla ya kuziba na kupaka chochote. Kukauka huko ndiko tusikokupata. Huwa tunabandika kipande cha nailoni kwenye ganda, tunaziba pande zake zote nne kwa utepe na kukiacha kutwa nzima juani. Kikionyesha matone upande wa ndani, maji bado yamo. Mara mbili nailoni imetoka kavu na tumepongezana, na mara zote mbili mvua imenyesha kabla hatujafungua kopo la epoksi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, si kwamba suala hili halijafikishwa kwa wakubwa. Mgeni rasmi wa kwanza kututembelea, ambaye tunaendelea kumheshimu, aliupokea mchoro wa banda, akaukunja vizuri, akautia mfukoni na kuahidi mabati na nguzo ndani ya mwezi mmoja, na makofi yaliyopigwa siku hiyo wengine wetu bado tunayakumbuka. Aliyemfuata aliona banda ni jambo dogo mno, akatuahidi injini. Tulishukuru kwa moyo mkunjufu, ingawa boti wakati huo haikuwa na ubao wa kuifungia. Baadaye yalikuja maelekezo kwamba suala letu linafanyiwa kazi, na kazi hiyo, kwa kadiri tunavyofahamu, inaendelea hadi leo. Kilichowahi kutufikia mkononi ni turubai moja, ambalo tunalitambua kwa shukrani na ambalo mashimo yake tumeyaziba wenyewe kwa mabaki ya faiba.

Huenda ukauliza kwa nini turubai lisitoshe. Turubai lililolala juu ya boti huzuia mvua ya juu, lakini hufungia unyevu wa chini, na asubuhi tukilifunua tunakuta ganda limetoka jasho. Rangi nayo ina masharti yake. Uso wa boti unatakiwa uwe na joto linalozidi angalau kwa nyuzi 3 lile ambalo umande huanza kutua, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85; nje ya hapo epoksi hutoa utando wa mafutamafuta unaokataa koti linalofuata, hadi uoshwe kwa maji na kupigwa msasa upya. Juu ya epoksi tunatakiwa kupaka rangi ya poliyurethani ya makopo mawili, inayochanganywa kwa kipimo na hadina yake, yaani kemikali ya kuikomaza, na hadina hiyo inachukiana na maji vibaya sana.

Hili la mwisho tunalieleza kwa uzoefu. Tulipochoka kusubiri mabati tuliyoahidiwa, kamati iliamua, kwa kura, tupake hivyohivyo uwanjani. Tulianza mchana kwa rola, mwenzetu mmoja akifuata nyuma na brashi laini kulainisha, na hadi jioni ubavu wa boti ulikuwa unang'aa kiasi kwamba watoto walikuja kujitazama. Usiku umande ulitua juu ya rangi ambayo haijakomaa. Asubuhi ile ng'aro ilikuwa imekufa, ubavu mzima umefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na kwenye omo walikuwamo wadudu wengi tu walionasa. Tuliiondoa yote kwa msasa. Mhazini wetu, ambaye ndiye aliyenunua makopo yale, hakuhudhuria vikao viwili vilivyofuata, na hatukumlaumu.

Hali ya sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni kwamba chini ya ganda tumeacha wazi ili pakauke, na ubavuni na juu kumepakwa praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi, ambayo haikukusudiwa kukaa juani. Jua huila epoksi isiyofunikwa ikaanza kutoa unga kama chaki. Tena kila praima ina muda wake wa kupokea koti linalofuata, na muda huo ukipita, koti jipya halishiki bila kukwangua tena. Kwa hiyo kila ahadi inapochelewa, sisi hulipa kwa msasa, na kila tunapopiga msasa tunapunguza unene wa kazi tuliyokwisha kuifanya. Tumeshapiga msasa mkali wa namba 80, tukaja 220, tukafika 320 ulio laini, kisha tukarudi 80. Vijana waliojiunga wakitarajia kujifunza unahodha wamekuwa mabingwa wa kusugua, na baadhi yao wameanza kutuuliza, kwa adabu, kama boti ipo kweli au ni somo tu.

Kwa heshima na taadhima tunaomba banda moja la wazi pembeni, lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kimo cha mita 4, ili mtu aweze kusimama juu ya sitaha bila kuinama. Hatuombi kuta, kwa sababu mvuke wa rezini na tineri unahitaji kutoka, na chumba kilichofungwa kingetuumiza. Pazia la kushusha upande wa upepo tutalishona wenyewe. Sakafu itabaki ya udongo, nasi tutainyunyizia maji kabla ya kupaka ili vumbi litulie. Mashimo ya nguzo yameshachimbwa, kama utakavyoyaona, na tunaomba radhi kwa nyasi zilizoota ndani yake, kwani yalichimbwa wiki ileile tulipoahidiwa nguzo. Ufundi wote ni wa wanakikundi. Kinachokosekana ni nguzo, mbao za kenchi, mabati na misumari, na kama itakupendeza kuongeza chochote, basi barakoa zenye vichujio vya mvuke, kwa sababu hadina ya poliyurethani hushambulia mapafu na vitambaa tunavyofunga puani havizuii kitu.

Injini iliyoahidiwa hatuidai. Endapo itafika kabla ya banda, tutaipokea kwa furaha na kuifunika kwa lile turubai.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunafahamu kwamba ahadi zilizotangulia hukuzitoa wewe, na hatupendi uzibebe. Tunaomba tu kwamba jibu lako la leo, hata likiwa ni la kutunyima, lije na tarehe, maana tukijua banda halipo tutaishusha boti kwenye magogo, tuipindue kifudifudi na kuipumzisha hadi tutakapojikusanya wenyewe, badala ya kuendelea kuisugua.

Sasa tunaomba kukukabidhi risala hii pamoja na mchoro wa banda, ambao safari hii tumeutoa nakala 2 kwa kuwa ule wa kwanza hatujauona tena, kisha tukuongoze ukaione boti yenyewe mapema kidogo kuliko ratiba inavyosema, kwa sababu turubai limefunuliwa na mawingu yameanza kukusanyika.

Naomba kuwasilisha.