Kwa kaka aliyenisaidia kuunda kompyuta yangu ya kwanza

Kaka, Jumamosi ile pale Kariakoo sikukuuliza hata jina. Basi popote ulipo, ahsante sana.

Ulinikuta kaunta nimeshika boksi la mfumo wa kupoozea kwa maji, sijui pa kuanzia. Nilitaka kompyuta ya mezani isiyo na kelele, maana narekodi sauti chumbani na feni za ile ya zamani zilikuwa zinaingia kwenye maiki kila mara. Wewe hukuwa muuzaji, ulikuja kununua waya wako tu. Lakini ulikaa nami karibu saa nzima, ukanichorea nyuma ya risiti: rejeta, ile inayopoza maji, juu, pampu chini. Ukasema hewa hupanda. Pampu ikiwa juu kuliko vyote, hewa itajikusanya humo, pampu itakoroma, na mwishowe itakufa. Mimi nilikuwa nimepanga kinyume kabisa!

Halafu ile nailoni chini ya bamba la shaba, lile linalokaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Ni nyembamba mno, huioni mpaka uielekeze kwenye taa. Niliibandua, nikaweka pesti ya kupitisha joto kiasi cha punje ya njegere, nikakaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, kama ulivyoelekeza.

Niliiwasha saa nne usiku. Nikasogeza sikio hadi kwenye kasha, nikasikia saa ya ukutani tu. Joto la prosesa halikupita nyuzi 65, na ni Februari, unalijua joto la Dar.

Ile risiti nimeibandika ndani ya kasha. Mungu akuzidishie, kaka.