Saruji nauza mimi, ila pesa ya kuinunua inatoka kwenye mikorosho

Mhariri, salaam.

Mi ni muuza duka la vifaa vya ujenzi hapa Chikongola, Mtwara mjini. Nauza mabati, nondo, misumari, rangi, na hiyo saruji yenyewe ambayo mmeiandikia ukurasa mzima kwamba kiwanda chake ndio kinaubeba mkoa wetu kwa sababu ndio mwajiri mkubwa. Sibishi kwamba kiwanda cha Dangote ni kikubwa, uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka sio mchezo, na tangu kifunguliwe 2015 kuna watu wamepata vibarua, madereva, walinzi, na mama lishe wa kule wanauza wali mpaka jua linazama. Ila kuajiri watu wengi na kuendesha uchumi mbona ni vitu viwili, nyie mmevipika chungu kimoja.

Nina kaunta buku ya mauzo, naiandika kila jioni. Mwezi wa tano naweza kukaa kutwa nzima nikauza mifuko minne, mtu anakuja kuchukua misumari robo kilo na hiyo robo anataka nimkopeshe. Sasa subiri mwezi wa kumi unaisha, minada ya korosho imeshaanza na pesa za wakulima zinaingia benki, siku hiyo mi sihitaji kuambiwa na mtu, naona mwenyewe bodaboda zimejaa mbele ya duka, mtu katoka Nanyamba na meseji ya benki kwenye simu anaionesha kwa kila mtu kama mtoto wake kafaulu, anataka bati 30 na saruji mifuko 20 na fundi kaja naye kabisa ili asipigwe. Inakuwa hivyo mpaka mwezi wa kwanza. Mishahara ya kiwandani nayo naiona, mwisho wa mwezi inakuja kununua kopo la rangi, kitasa, bomba. Siidharau hata kidogo. Ila haijazi duka.

Yaani hata hiyo saruji, huku kwetu mnunuzi wake mkubwa ni mkulima wa korosho! Inayobaki inapakiwa kwenye malori inaondoka, na dereva akishatoka getini anakula Lindi, anakula Nangurukuru, analala mbele huko, sisi tunabaki na vumbi lake.

Mnakumbuka Desemba 2016 kiwanda kilisimamisha uzalishaji kwa muda, redio zote zikawa zinaongelea hilo. Nimefungua daftari la mwaka ule juzi baada ya kusoma makala yenu, Desemba ile niliuza vizuri tu, mzigo nikachukua wa kampuni nyingine basi. Halafu nikafungua la 2018. Ule mwaka wakulima waligomea bei za wanunuzi, mwezi wa kumi na moja serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja na malori, watu tukashangilia kwa sababu bei ilikuwa nzuri, ila malipo yakaanza kusuasua, mara uhakiki wa mashamba, mara huyu ni kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho za wakulima kwa bei ya chini kwa magendo, sio mkulima, wiki zikaenda. Duka langu lilikufa ganzi. Muuza vitenge jirani yangu alifunga kabisa akarudi kwao Newala, bodaboda wakawa wanacheza bao pale kona saa nne asubuhi, na wenye mabasi, na wenye baa, na hata yule shehe anayefungisha ndoa alikuwa analalamika hakuna harusi. Kiwandani watu walikuwa wanaenda zamu kama kawaida. Sasa kama injini ya mkoa ilikuwa ile, mbona gari lilizima?

Na hii tabia ya kumshika mkubwa mmoja na kumwita mkombozi hatujaianza leo. Babu yangu alikuwa anatusimulia habari za mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ambao ndio uliotuletea bandari na reli ya kwenda Nachingwea, walivyoona karanga hazikubali wakaacha 1951, na reli baadaye ikang'olewa. Babu akarudi kwenye mikorosho yake. Ikaja gesi, jamani, "Mtwara kuchele", yaani Mtwara kumekucha! Mi mwenyewe niliingia kichwa kichwa, nikakopa nikajenga vyumba sita vya kupangisha wageni wa gesi, viwanja vikawa havishikiki, gesti zinaota kama uyoga. Bomba likaisha kujengwa, gesi ikaenda Dar, wageni wakaenda nayo. Vyumba viwili nimegeuza stoo ya mabati, vinne wanakaa wanafunzi. Mkopo ule nimeulipa kwa nini? Kwa misimu mitatu ya korosho.

Tatizo la korosho haina geti. Hakuna mtu wa kupiga naye picha akikata utepe. Mwenye shamba, wanaopalilia, kijana wa kupulizia salfa, ile dawa ya mikorosho, wanaookota, makuli wa ghalani wanaobeba magunia, karani wa chama cha msingi cha ushirika kinachokusanya korosho, mwenye lori, wote hawa hawana kitambulisho cha kazini kwa hiyo mkihesabu ajira hamuwaoni. Halmashauri inawaona lakini, ushuru wa asilimia 3 unakatwa bila kukosea hata siku moja, madarasa ya Tandahimba yamejengwa na nini?

Msinielewe vibaya, sisemi korosho ni malaika. Ni injini inayounguruma miezi minne halafu inalala, na huo mwezi wa tano ninaoulalamikia ndio mtu mwenye njaa anauza korosho zikiwa bado mtini kwa kangomba, kwa bei ya aibu, msimu ukifika pesa sio yake tena. Kingine kinachoniuma ni kwamba korosho zetu nyingi zinapanda meli zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, wanabangua wao, sisi viwanda vya kubangulia vilivyojengwa miaka ya 70 na 80 kwa mkopo wa Benki ya Dunia vingi viliishia kuwa maghala. Hapo ndipo penye ajira za kuandikia ukurasa mzima. Kina mama wanaobangua kwa mikono wakakaanga na kutuuzia stendi kwenye vipakiti wapo, muulizeni mmoja anapata wapi mtaji.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kiwanda kikipata hitilafu siku mbili tunasoma ukurasa wa mbele, chama cha msingi kikichelewesha malipo wiki tatu hamna hata mistari miwili. Mleteni mwandishi wenu mwezi wa kumi, aende kwanza ghalani asubuhi mnada ukiwepo, akitoka huko aje akae dukani kwangu mpaka jioni, kiti kipo na kahawa ipo, daftari nitampa alisome mwenyewe.

Muuza mabati, Chikongola