Kwa Khadija, kabla hujatoka Amu (Lamu)

Tudor, Mombasa

Shoga yangu Khadija,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, nimepata habari kuwa umeikubali ile kazi ya kushona Biashara Street, huku Mombasa, na kwamba mwezi ujao wahama. Hongera sana. Umeniuliza chumba huku ni kodi ya kiasi gani. Nitakujibu, lakini ngoja kidogo, maana hilo ni la mwisho. Mombasa chumba hupimwa kwanza kwa maji: maji utakayoyavuka kwenda kazini, na maji yatakayotoka mferejini. Ukikosea hapo, ile nafuu ya kodi utaimaliza kwa makanga wa matatu na kwa muuza maji wa mkokoteni kabla mwezi haujaandama.

Tuanze na la kuvuka. Mji wenyewe ni kisiwa, na kazi yako iko kisiwani. Kuingia ni Daraja la Nyali kwa upande wa kaskazini, Makupa kwa upande wa magharibi, na feri ya Likoni kwa kusini. (Kuna na barabara ya Dongo Kundu, lakini hiyo humfaa mwenye gari anayetoka Miritini kwenda upande wa Kwale bila kugusa kisiwa. Wewe isahau.) Asubuhi watu wote wanaingia, jioni wote wanatoka. Ukikaa Kisauni, Bamburi au Kiembeni, matatu itakwenda vizuri mpaka karibu na kituo cha Lights au Kongowea, kisha itasimama kwenye foleni ya darajani, nawe umejibana katikati ya watu na kifurushi cha nguo za wateja mapajani. Nauli nayo haikai mahali pamoja. Hupanda asubuhi, hupanda jioni, na mvua ikinyesha hupanda tena.

Kwa hivyo dalali akikuambia nauli, jua amekutajia ya saa sita mchana. Wewe muulize muuza duka wa pale mtaani: saa kumi na mbili asubuhi ni ngapi, saa kumi na mbili jioni ni ngapi? Jumlisha hizo mbili, zidisha kwa siku 26 za kazi, halafu ziweke juu ya kodi. Tuseme ni shilingi 80 kwenda na 80 kurudi. Hiyo ni 4,160 kwa mwezi. Chumba cha Kisauni kilichoonekana rahisi kuliko cha Makadara kwa elfu tatu, hapo kimeshakuwa ghali, na bado hatujahesabu usingizi wako.

Likoni watu hupapendea feri, kwa kuwa mwenye kwenda kwa miguu halipi kitu. Ni kweli. Lakini feri moja ikienda matengenezoni, msongamano pale kivukoni huwa si wa mchezo, na fundi wa kulipwa kwa kipande kila saa anayoipoteza kivukoni ni nguo ambayo hakuishona. Kwa kazi yako naiweka ya mwisho. Mtwapa nayo usiifikirie, hiyo ni kaunti nyingine kabisa. Na upande wa Changamwe na Mikindani malori ya bandarini huifunga barabara siku asiyoitarajia mtu.

Ushauri wangu, tafuta Majengo, Makadara au Mji wa Kale, mahali utakapotoka kwa miguu ukafika Biashara Street bila kumpa mtu shilingi. Huku kwetu Tudor ni matatu fupi, si mbaya. Vikikosekana hivyo ndipo uvuke kwenda Mshomoroni au Kisauni, na hata huko chukua chumba kilicho karibu na barabara ya matatu, maana ukitoka kazini usiku hutaki kupita vichochoro peke yako, wala kulipa bodaboda juu ya matatu.

Vyumba vingi utakavyoonyeshwa mitaa hiyo ni vya nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani choo na bafu la kushirikiana. Kwa mtu mmoja panatosha, na majirani wapo. Ila kuna jambo ambalo Amu hulijui sana. Hapa Mombasa, hasa Majengo, Tudor na Kisauni, zipo nyumba ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Yeye hulipa kodi ya kiwanja kwa mtu mwingine, na nyumba ndiyo yake. Mpangaji haimhusu, mpaka siku ile mwenye ardhi akitaka kiwanja chake au akiuza pajengwe ghorofa. Hapo mwenye nyumba huenda hana cha kukurudishia. Usikatae chumba kwa sababu hiyo tu, wengi wamekaa miaka na miaka. Lakini uliza, na kwenye nyumba ya namna hiyo dipoziti isizidi ya mwezi mmoja.

Sasa maji ya kutumia. Nyinyi huko maji yenu yatoka karibu, kwenye mchanga wa Shela. Ya kwetu husafiri: Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye Mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Bomba likipasuka njiani au pampu zikikosa stima, mji mzima unajua siku hiyo hiyo. Hata mambo yakiwa mazuri maji hugawanywa kwa zamu, mtaa huu leo na ule keshokutwa, na mara nyingi hufunguliwa usiku. Basi usimuulize dalali kama maji yapo, maana atasema yapo. Fungua mfereji mwenyewe. Kisha mtafute mpangaji anayefua uani umuulize mambo matatu: ya mfereji yalikuja lini mara ya mwisho, tangi ni la lita ngapi, na linalisha vyumba vingapi.

Hesabu yake ni hii. Mtu mmoja kwa kuoga, kupika, vyombo na choo hutumia mitungi miwili ya lita 20 kwa siku, akijibana. Tangi la lita 5,000 kwa vyumba ishirini ni lita 250 kila chumba. Wewe peke yako hizo ni siku sita. Jirani mwenye watoto watatu na mume anazimaliza siku ya pili. Tangi ni moja, kwa hivyo utakauka pamoja naye. Nyumba ya vyumba sita yenye tangi dogo huenda ikawa afadhali kuliko ghorofa yenye tangi kubwa na watu themanini. Na ukiwa ghorofani uliza pia stima ya pampu analipa nani, kwa sababu pampu isipowashwa maji hubaki chini na wewe ndiye utakayepanda ngazi na mtungi wa kilo ishirini.

Yakitoka, yaonje. Yakiwa na chumvi ni ya kisima, na visima vya kisiwani viko karibu mno na mashimo ya vyoo. Hayo ni ya chooni na ya kupigia deki. Sabuni haitoi povu humo. Na wewe fundi kuna la ziada: usirashie nguo maji hayo wakati wa kupiga pasi. Kwenye kitambaa cheusi cha buibui huacha alama nyeupe za duara, na mteja atasema umemharibia nguo. Pasi ya mvuke ndiyo kabisa, chumvi huziba vitundu vyake. Ya pasi yawe yale yale ya kunywa, ya kununua.

Chombo cha kuwekea: ukipata chumba cha chini, nunua pipa la lita 200 lenye kifuniko cha kukaza, ni siku tano zako. Ghorofani chukua mitungi mitano, kwa kuwa pipa likijaa halisogei. Kifuniko usikidharau. Mbu wa homa ya dengi huzaa kwenye maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba na huuma mchana, na Mombasa ugonjwa huo umeshazuka zaidi ya mara moja. Mayai yake hushika ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji, kwa hivyo kulimwaga peke yake hakusaidii. Lisugue kwa brashi kila wiki.

Stima ni fupi. Taka mita yako ya tokeni. Kama nyumba nzima ina mita moja na mwaichangia kwa mwezi, uliza waziwazi pasi inaruhusiwa au hairuhusiwi, kwa sababu wengi huikataza na wewe nyumbani utashona vya usiku. Mita ikiwa yako, nunua tokeni ndogo mbele ya mwenye nyumba uone unaingiziwa yuniti ngapi. Mpangaji aliyetangulia akiacha deni, hukatwa humo.

Joto: kaangalie chumba saa nane mchana, usiende asubuhi. Chumba cha mabati bila dari wakati wa Kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, hakilaliki, na ghorofa ya juu kabisa saruji hubaki na moto mpaka usiku wa manane. Ukipata madirisha mawili yanayotazamana, hata chumba kikiwa kidogo, kichukue. Na upajue mapema pa kuweka cherehani, chini ya dirisha, mwanga uingie upande wako wa kushoto kwenye sindano. Ukutani chini angalia mstari wa rangi iliyobabuka. Ukiuona, mvua za Mei huingia ndani humo.

Pesa. Usitume hata shilingi ukiwa Amu. Mchezo uliopo ni huu: picha za chumba kizuri, bei nafuu, kisha "watu ni wengi, tuma ya kushikilia". Ukishatuma, simu haishikwi tena. Chumba lipa baada ya kukiona, na ulipe kwa M-Pesa ili ubaki na ujumbe. Kabla ya kuthibitisha, simu itakuonyesha jina la mpokeaji. Jina hilo liwe ndilo lililo kwenye mkataba, likitofautiana simama hapo hapo. Ufa, kioo kilichovunjika, kitasa, rangi, vyote vipige picha siku ya kuingia, kwani dipoziti nyingi hupotelea kwenye mabishano ya rangi. Kitasa badilisha mwenyewe, hujui funguo ngapi ziko nje.

Ubebe kodi ya mwezi mmoja, dipoziti, pesa za pipa na jiko la gesi, na chakula cha miezi miwili. Miwili, sikosei. Fundi mgeni huanzishwa na kupinda leso na kutia zipu, kazi ya kulipwa kidogo kwa kila kimoja, hadi tajiri (mwajiri wako) auone mkono wako. Na kazi yenyewe ina majira. Kuelekea Idi hulali, Idi ikipita unaweza kukaa unatazama barabara. Muulize tajiri sasa hivi kama hulipa kwa wiki au kwa kipande, na uzi ni wa nani. Kodi basi, ndilo swali lako: isipite theluthi ya pato la ule mwezi mbaya, usihesabu kwa mwezi wa Idi.

Kitanda na kabati uza huko huko. Gharama ya punda, mashua na buti la basi haziachi faida, na huku mafundi seremala wako kila barabara. Kasha la bibi liache kwa mama. Cherehani ndiyo ya kuja nayo. Toa sindano, shusha mguu, vua mkanda, legeza skrubu mbili za bawaba uking'oe kichwa kwenye meza. Kipake mafuta, kifunge blanketi na nailoni juu, maana mashua ya kwenda Mokowe kupanda basi hurusha maji ya chumvi. Usikibebe kwa gurudumu, hupinda. Kichwa kikae miguuni mwako ndani ya basi, meza na kanyagio viende butini, na bobini na skrubu viwe kwenye mkoba wako, si mikononi mwa hamali. Hamali patana naye bei kabla hajagusa mzigo, Mokowe na huku Mombasa vilevile.

Kitambulisho kiwe mkononi, njiani kuna vizuizi vya ukaguzi. Mvua ikiwa kubwa huko bara usisafiri bila kuuliza hali ya barabara. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023, na tena ya 2024, yaliikata upande wa Gamba, kule Tana River, na abiria wakakwama. Panda basi la asubuhi ufike kungali na mwanga, na usiku wa kwanza ulale kwangu.

Jumamosi nakwenda Makadara kukuangalilia vyumba viwili. Kabla ya hapo nitumie vipimo vya meza ya cherehani, urefu na upana, na kanyagio linachomoza kiasi gani, nijue kama itakaa chini ya dirisha na mlango bado ufunguke.

Nisalimie mama na jamaa wote.

Shoga yako,
Rukia