Kwa Nini Tunakuuliza Homa Ilianza Lini

Kwenye fomu yetu ya maabara kuna sehemu ambayo wateja wengi huiacha wazi: "Homa ilianza tarehe gani?" Tukiikuta haijajazwa, tunakupigia simu kabla ya kupima. Tunaomba radhi kwa usumbufu, lakini kwa homa ya ubongo inayoenezwa na kupe, ugonjwa wa Ulaya na Asia, majibu yasiyo na tarehe yanaweza kumpotosha mgonjwa na daktari wake.

Ugonjwa huu mara nyingi huja kwa awamu mbili. Wiki moja au mbili baada ya kuumwa na kupe, mtu hushikwa na homa, uchovu na kichwa kuuma, kisha baada ya siku chache anapata nafuu. Wengine hupona hapo hapo. Wengine, baada ya kama wiki moja, huugua upya, safari hii virusi vikiwa vimefika kwenye ubongo au utando wake. Ukija kupima kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi) wakati wa ile homa ya kwanza, kwa kawaida hatutaziona, ingawa virusi vimo kwenye damu. Utaondoka umetulia bure. Siku hizo kinachoweza kusaidia ni PCR, inayotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Awamu ya pili ikianza, mambo yamegeuka: kwenye damu virusi kwa kawaida havionekani tena, na IgM (kingamwili zinazotangulia kutokea) ipo, mara nyingi pamoja na IgG (kingamwili zinazodumu).

Swali tunaloulizwa sana: "IgM yangu bado ipo, ina maana naumwa bado?" Si lazima. IgM inaweza kuonekana kwa miezi kadhaa baada ya mtu kupona. IgG hudumu miaka mingi, na hukomaa kadiri muda unavyopita: za mwanzo hukishika kirusi kwa ulegevu, za baadaye hukikamata barabara.

Ndiyo maana majibu yakiwa na utata tunaomba damu tena baada ya wiki 2 hivi. Sampuli ya kwanza tunaigandisha. Ya pili ikifika, tunazipima zote kwa pamoja, siku moja, kwenye sahani moja ya maabara yenye vishimo vidogo vya kupimia, vishimo vikiwa jirani, ili tofauti tutakayoiona iwe ya damu yako, si ya siku ya upimaji. Kiwango cha kingamwili kikipanda mara 4 au zaidi, hayo ni maambukizi mapya.

Tutajie na chanjo zako. Virusi vya homa ya manjano na dengi ni ukoo mmoja na kirusi hiki, na kingamwili ulizopata kwa chanjo au kwa kuugua magonjwa hayo zinaweza kukidanganya kipimo chetu cha IgG. Mwenye historia hiyo huhitaji kipimo cha ziada kinachoangalia kama damu yake inazuia kirusi hiki hasa.

Lakini ukiwa na homa na kichwa kinauma sana, shingo imekakamaa au umeanza kuchanganyikiwa, usije kwetu kwanza. Nenda hospitali, sasa hivi. Damu itachukuliwa huko huko.