Barua kwa mwanangu anayemtungia mama yake wimbo

Mwanangu,

Habari za huko Mwanza, sisi huku Morogoro tupo, mamako mzima ila goti linamsumbua kidogo na hii baridi. Ile demo nimeisikiliza, biti kali, sauti imetulia, hongera sana baba. Ila mashairi ndo nataka tuongee, maana umeweka malkia, nuru, lulu, dhahabu, alaf nimefika mwisho sijamuona mamako hata sehemu moja. Hiyo nyimbo mtu yeyote anaweza kumwimbia mama yeyote.

Nenda kasikilize Sweet Mother ya Prince Nico Mbarga, kaa chini kabisa usikilize maneno. Yule bwana alizaliwa Nigeria, mama Mnigeria baba Mkameruni, vita vya Biafra, vile vya wenyewe kwa wenyewe kule Nigeria, vikampeleka Kameruni akawa anapiga kwenye bendi ya hotelini, na lile gitaa lake lina Kongo ndani ndo maana huku kwetu watu walilicheza kama la kwao. Kampuni kubwa ya rekodi iliikataa ikasema ya kitoto, ikaja kutoka 1976 na lebo ya pale Onitsha, Nigeria, na ikauza mamilioni ya nakala. Sasa sikiliza anachosema. Mtoto akilia mama anambeba, akitaka kulala anamlaza anamfunika, akiwa na njaa mama anahangaika huku na kule amtafutie cha kula, mtoto asipolala na mama halali. Basi, ni hivyo tu, na kaimba kwa pijini, kile Kiingereza chao cha mchanganyiko, lugha ya sokoni, na kina mama wa huku hata wasioelewa pijini walikuwa wanainuka kucheza. Mi naamini imedumu kwa sababu kataja kazi, hajataja sifa.

Nani Kama Mama ya Christian Bella na Ommy Dimpoz unaijua, ya 2014, mpaka leo kwenye send-off ikipigwa wakati bibi harusi anamfuata mamake ukumbi mzima unafuta machozi. Imeshauliza lile swali na imeliuliza vizuri, wewe usilirudie. Na kwa vile unampenda 2Pac, kumbuka kwenye Dear Mama, 1995, hakuficha kwamba mamake alisumbuliwa na madawa ya kulevya, kalisema wazi na heshima yake kwa mama ikabaki palepale, mi nikaona hapo ndo upendo wenyewe.

Sasa nikupe vitu ambavyo hukuviona kwa sababu ulikuwa mgongoni. Mamako alikuwa analoweka mchele jioni, usiku wa manane anaamka kuandaa vitumbua, wewe umefungwa khanga mgongoni, alfajiri yuko njiani na ndoo kichwani kwenda kuuza stendi Msamvu. Ulikuwa na kifua kibaya sana utotoni, mi nilikuwa nalala fofofo lakini yeye ukikohoa tu ameshakaa, anajua kikohozi cha vumbi na kikohozi cha homa kabla hata hajakugusa. Na chakula kikiwa kidogo alikuwa anasema mi nimeshashiba, nimeonja onja jikoni, nyie kuleni, na mimi nilimwamini muda mrefu tu mpaka siku moja shangazi yako akaniambia kaka huyu hajala. Hayo yaimbe. Vitumbua taja kwa jina, stendi taja, watu wa Moro watamjua na wa Mwanza watamkumbuka mama yao aliyekuwa anauza dagaa.

Kiitikio usikiguse, kiko vizuri, ila vesi ya pili yote iandike upya. Mengine mpigie shangazi yako, tulikuwa tunakaa nae kipindi kile na anakumbuka kuliko mimi. Ukimaliza nitumie mimi kwanza, kwenye grupu la familia usiweke bado, nataka aisikie kwa mara ya kwanza ukiwa umekuja likizo, umekaa nae.

Babako