Dohani la Bayleaf lingebaki

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ukarabati wa majengo ya kale imenikumbusha Bayleaf, nyumba ya mkulima iliyoko kwenye makumbusho ya Singleton, kusini mwa Uingereza. Nguzo na boriti zake ni za mwaloni, na kuta ni fito zilizokandikwa udongo. Aliyekulia kijijini kwetu ataitambua kazi hiyo mara moja.

Ukumbi wake ni wa mwanzoni mwa karne ya 15, upande wa vyumba vya mwenye nyumba ni wa karne iliyofuata. Baadaye likaongezwa dohani la matofali, na ukumbi ukawekewa ghorofa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, bwawa la Bough Beech lilipojengwa kule Kent, nyumba ikafunguliwa gogo kwa gogo na kuhamishwa.

Walipoisimamisha tena, dohani na ghorofa havikurudi. Walitaka ionekane kama ilivyokuwa karne ya 16, moto ukiwaka katikati ya sakafu. Nimesimama pale, nikainua macho: boriti za paa nyeusi tii kwa masizi, moshi ukijitafutia njia kwenye vigae. Ni jambo la kupendeza mno, sikatai.

Hata hivyo naona walikosea. Vizazi na vizazi vilipika kwenye lile dohani na kulala juu ya ile ghorofa, nao walikuwa wenye nyumba vilevile. Nawaomba mafundi wanaokarabati nyumba zetu za pwani, wakikuta mlango uliozibwa au ukuta ulioongezwa, waulize kwanza ni wa nani kabla ya kushika nyundo.

Msomaji wenu,
Chichester, Uingereza